Kutojua na Kukataa Kujua

Baina ya mtu asiyejua na mtu asiyetaka kujua pana tafauti kubwa. Wa kwanza ana udhuru, kwani hapana mwenye akili atakayemlaumu mtu kwa jambo lililofichika kwake. Wa pili hana udhuru, kwani aliyelificha jambo lile ni yeye mwenyewe kwa kugeuza uso. Lakini katika biashara zetu za siku hizi, na khasa biashara ya viwanja, watu hawa wawili huvaa kanzu moja na kusema neno moja: "Mimi sikujua." Huyu asema kweli, na yule pia asema kweli, na hapo ndipo penye mtego.

Twataka kulipima jambo hili kwa mfano ulio karibu na maisha ya kila mji upitao magari, nao ni kiwanja ambacho zamani kilikuwa kituo cha petroli.

Tuchukue mji wa Mikinduri, upande wa Tigania katika nchi ya Meru. Msomaji wa pwani asiseme, "Yatuhusu nini ya Mikinduri?" Tumeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, huo ni mji wa soko na mashamba, si mji wa viwanda. Na sisi tumezoea kudhani kwamba sumu katika ardhi ni jambo la viwanda na miji mikuu peke yake. Ya pili, mji huo uko katika miteremko ya vilima vya Nyambene, vilivyotokana na volkano za zamani, na kilichomwagika juu ya mteremko hakikai kilipomwagika.

Basi tuseme (na huu ni mfano tu, hatumkusudii mtu yeyote) kwamba katika mji huo palikuwa na kituo cha petroli. Kilifanya kazi miaka 30, kisha kikafungwa. Pampu zikang'olewa, uwanja ukatiwa saruji, mwenyewe akafa. Warithi wake sasa wataka kuuza kiwanja. Mnunuzi ataka kujenga nyumba za kupangisha na kuchimba kisima. Matangi ya chuma yangali chini ya ardhi, na hapana hata mmoja aliyeuliza yako katika hali gani. Warithi waambiana: "Tusiyafukue. Tukifukua tukaona kitu, itatulazimu kusema, na tukisema bei itaanguka. Tukiuza hivi hivi, sisi hatukujua neno." Je, watu hawa wana lawama?

Kabla ya kujibu yafaa tujue ni kitu gani hicho wasichotaka kukiona.

Tangi la chuma lililozikwa katika udongo wenye unyevu huliwa na kutu, likiwa halikukingwa. Hupasuka si kwa kishindo bali kwa tundu dogo kama la sindano, na mara nyingi palipoungana mabomba ndipo panapoanza kuvuja. Mvujo wa tone moja kwa kila nukta ya saa hauonekani na mtu, wala haumshitui mwenye kituo anapohesabu mauzo yake ya siku. Lakini tone hilo kwa siku moja hufika lita 4, na kwa mwaka mmoja hupita lita 1,000. Mafuta hayo huteremka katika udongo. Mengine hushikwa na udongo wenyewe. Mengine hugeuka mvuke, ukapanda na kuingia katika vyumba vilivyojengwa juu yake. Mengine hufika kwenye maji yaliyo chini ya ardhi, na kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu ya maji hayo. Kisha baadhi ya vitu vilivyomo ndani ya petroli huyeyuka katika maji na kwenda pamoja nayo, kimya kimya, kuelekea kwenye visima na chemchemi za watu wa chini.

Katika vitu hivyo kilicho kibaya zaidi ni benzeni, ambayo matabibu wameithibitisha kuwa huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kuwa maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za benzeni katika lita moja. Ukifanya hesabu, gramu moja tu ya benzeni yatosha kuyafikisha maji lita 100,000 kwenye mpaka huo. Na pua ya mwanadamu haiwezi kuinusa benzeni katika maji kwa kiasi kidogo kama hicho. Mtu aweza kuyanywa maji yaliyopita mpaka huo mara nyingi, akayaona matamu, meupe, hayana harufu.

Hapa msomaji atue kidogo. Tangu zamani wazee wetu waliyapima maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Fiqhi nayo imeyatumia matatu hayo katika kujua maji yaliyobadilika kwa najisi. Kipimo hicho ni sahihi kwa kazi yake, nacho kimewatosha watu karne nyingi. Lakini tohara ni jambo moja na sumu ni jambo jingine. Sumu hii iko chini ya mpaka wa hisia zetu. Kwa hiyo mtu anayesema, "Nimeyaonja, hayana neno," hajasema uwongo, ila amepima kwa kipimo kisichofika. Na pale hisia zisipofika, wajibu wa kuchunguza hauondoki, wazidi.

Wala watu wa pwani wasidhani kuwa maji ya chini ya ardhi hukaa mahali pamoja kama maji ya mtungini. Maji ya Mzima, ambayo tangu mwaka 1957 yamekuwa yakiletwa Mombasa kwa bomba, ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikatembea chini kwa chini masafa marefu mpaka ikachomoza kuwa chemchemi. Sisi tunywao maji hayo tumekuwa majirani wa watu tusiowajua. Na bomba linapokauka, wengi wetu hurudi kwenye visima vilivyochimbwa katika jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu mengi lipitishalo kila kitu. Basi khabari ya kiwanja cha Mikinduri ni khabari ya Kibokoni na Majengo pia.

Nchi yetu imekwisha kuonyeshwa mfano wake mkubwa. Bomba la mafuta la kutoka Mombasa kwenda Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Mwezi wa Mei mwaka 2015, likiwa na umri wa miaka 37, liligunduliwa kuwa limevuja karibu na Thange, upande wa Kibwezi katika Makueni. Mafuta yalikuwa yamekwisha ingia katika udongo na katika mto Thange, ambao watu walikuwa wakiutegemea kwa kunywa, kwa mifugo na kwa kumwagilia mashamba. Wanakijiji walikwenda mahakamani, na ilikuwa mwaka 2025, baada ya miaka 10, ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ilipohukumu walipwe fidia. Katika miaka 10 mtoto aliyezaliwa siku ya mvujo amekwisha kuwa mwanafunzi wa darasa la nne.

Na hapa kwetu Mombasa, watu wa Owino Uhuru huko Mikindani waliishi ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi, tangu mwaka 2007 mpaka 2014. Risasi iliingia katika udongo na katika damu za watoto. Mahakama ya Mombasa iliwahukumia haki mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao mwezi wa Desemba 2024. Mambo mawili haya si kituo cha petroli, lakini somo ni moja. Ardhi ikishaharibika, kuiponya ni kazi ya miaka mingi na mali nyingi. Kuichunguza mapema ni kazi ya siku chache.

Sasa turudi kwa warithi wetu. Kuna hukumu mbili ambazo yafaa tuzitenge. Hukumu ya kwanza ni ya dhamana, yaani khasara imwangukie nani. Hukumu ya pili ni ya dhambi, yaani nani amefanya ubaya. Watu huzichanganya, na kwa kuzichanganya hudhani kwamba kama mtu hana dhambi basi hana dhamana pia.

Katika fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata pwani, mnunuzi aliyekuta kitu kina aibu iliyokuwapo kabla ya kukipokea ana khiyari ya kukirudisha, hata kama muuzaji hakuijua aibu hiyo. Muuzaji hana dhambi kwa asichokijua, lakini khasara humrudia. Je, muuzaji akiweka sharti, akasema, "Nauza kama kilivyo, wala sidhamini aibu yoyote"? Imam Nawawi katika Minhaj at-Talibin ameeleza kwamba, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, sharti hilo humwokoa muuzaji katika jambo moja tu, nalo ni aibu ya ndani katika mnyama, na iwe ni aibu asiyoijua. Katika vitu vingine sharti halimwokoi. Wanavyuoni wametoa sababu yake. Mnyama hula na kushiba akiwa mzima na akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika, na ni nadra kusalimika na aibu iliyojificha. Mwenye kumfuga hana njia ya kumpasua atazame ndani.

Izingatie sababu hiyo, ndugu msomaji, kwani ndani yake mna jibu la swali letu. Udhuru umetolewa kwa kiasi cha ugumu wa kujua. Mahali ambapo njia ya kujua imefungwa, mtu amesamehewa. Mahali ambapo njia iko wazi, hakusamehewa. Ardhi si mnyama. Ardhi yaweza kutobolewa na kutazamwa, wala haifi.

Na njia ya kuitazama leo inajulikana. Kwanza huulizwa historia: matangi yalikaa wapi, mabomba yalipita wapi, petroli iliyonunuliwa na iliyouzwa zililingana au palikuwa na upungufu. Kisha hutobolewa mashimo membamba karibu na matangi na pampu, ukatolewa udongo wa kila kina, ukapelekwa maabara. Ikiwa maji yako karibu, huchimbwa visima vidogo vya kuchungulia. Yahitajiwa visipungue 3, kwa sababu kwa visima 3 ndipo ujulikanapo upande ambao maji ya chini yaelekea. Kisha hupimwa maji ya juu ya kiwanja na ya chini yake, ili ijulikane kama uharibifu umetoka hapo au umeletwa na maji kutoka kwa mwingine. Huko Marekani serikali ilitunga sheria ya matangi ya chini ya ardhi mwaka 1984, na tangu hapo imekwisha thibitishwa mivujo zaidi ya 500,000. Mivujo mingi kati ya hiyo ingalikuwa chini ya ardhi mpaka leo, bila ya mtu kuijua, lau kama sheria haikuwalazimisha watu kutazama.

Basi warithi waliosema "tusifukue" si watu wasiojua. Walijua kwamba pana jambo la kujua. Walijua pa kulitafuta. Wakajua pia litawagharimu nini wakiliona. Mtu hakimbii kitu ila anakiona kwa mbali. Kutojua kwao ni kutojua kulikonunuliwa, na bei yake italipwa na mtoto wa mpangaji atakayekunywa maji ya kisima kile. Kumficha mnunuzi aibu uijuayo ni ghushi. Na kujiziba macho ili usiwe na aibu ya kuficha ni dada yake ghushi, waliozaliwa tumbo moja.

Yako maneno ambayo watu watayaleta, na ni haki tuyasikilize.

La kwanza: "Uchunguzi ni ghali, na sisi si matajiri." Neno hili lina uzito. Hatuwezi kumlazimisha kila mwenye kiwanja alete mtambo wa kutoboa ardhi. Lakini uchunguzi una daraja. Daraja la kwanza ni kuuliza, na kuuliza hakuna gharama: wazee wa mtaa, fundi aliyezika matangi, majirani wa upande wa chini kama kisima chao kimewahi kunuka. Daraja la pili ni kutazama: pana kifuniko cha tangi, udongo una weusi, mimea imekataa kuota? Daraja la tatu ndilo la maabara, nalo huja pale dalili zinapolitaka. Wajibu huenda kwa kiasi cha uwezo na kwa kiasi cha dalili. Asiyeweza daraja la tatu hajasamehewa la kwanza. Na aliyeishia njiani kwa kukosa uwezo amebakiwa na jambo moja awezalo, nalo ni kumwambia mnunuzi: "Hapa palikuwa na kituo cha petroli, na sikuweza kupapima." Neno hilo ni la bure, na lamtoa katika lawama.

La pili: "Hapana mtu aliyeugua." Ugonjwa wa namna hii hauji siku ya pili, huja baada ya miaka, na unapokuja hauna jina la kiwanja juu yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Na katika kifungu cha 70 imemruhusu kwenda mahakamani kuidai haki hiyo bila ya kumtaka athibitishe kwamba pana mtu amekwisha dhurika. Hii ni busara. Mwenye kungoja maiti ndipo aamini kuwa pana sumu, amengoja mno.

La tatu: "Hili ni jambo la serikali, iko NEMA, iko sheria ya mazingira ya mwaka 1999." Ni kweli, na yatupasa kuidai serikali ifanye kazi yake. Lakini serikali haikukaa pale uwanjani miaka 30. Anayejua kituo kilikuwa wapi ni mtu wa mtaa. Sheria ni mkono. Jicho ni la jirani.

La nne, nalo ndilo zito kuliko yote: "Anayetazama ndiye anayepata khasara. Asiyetazama huuza kwa bei kamili na kulala usingizi." Hapa hatuna budi kukiri kwamba lawama si ya warithi peke yao. Sisi wanunuzi, mawakili, madalali na majirani tumeifanya desturi iwe hivyo. Tumempa faida mwenye kufumba macho, tukamtoza faini mwenye kuyafumbua. Mji unaofanya hivyo utapata viwanja vingi "visivyo na neno", na visima vingi visivyojulikana hali yake. Dawa yake ni kuigeuza desturi, ili kutotazama kusiwe na faida. Mnunuzi asitoe pesa kwa kiwanja kama hicho mpaka aonyeshwe karatasi ya uchunguzi, au bei ipunguzwe kwa kiasi cha gharama ya kuufanya. Wadhamini wa msikiti na madrasa, kabla ya kukubali kiwanja cha wakfu, waulize kilikuwa nini zamani, kwani wanapokea kwa niaba ya watoto wasioweza kujiulizia.

Na warithi nao wasiogope uchunguzi kana kwamba hauna ila kuhukumu. Uchunguzi huhukumu na pia huachilia. Mara nyengine matangi hukutwa mazima. Mara nyengine mafuta kidogo yaliyomwagika zamani yamekwisha liwa na vijidudu vilivyomo ardhini, kwani Mwenyezi Mungu ameitia ardhi nguvu ya kujitibu kwa kiasi chake. Kiwanja kilichopimwa kikaonekana salama huuzwa kwa bei yake bila ya mnong'ono nyuma. Na kilichoonekana kina uharibifu, matangi yakatolewa, udongo mbovu ukaondoshwa, watu wa upande wa chini wakaonywa wasitumie visima vyao mpaka vipimwe: khasara yake ipo, lakini ni khasara yenye mwisho. Khasara ya kunyamaza haina mwisho, na hulipwa na wasiokuwapo katika mauzo.

Jibu letu basi ni hili. Asiyejua, na hakuwa na njia ya kujua, hana dhambi, ingawa dhamana yaweza kumrudia. Asiyejua, na alikuwa na njia, akaacha kwa uvivu, amefanya taksiri. Na asiyejua kwa sababu alikataa kujua, huyo ajihesabu pamoja na waliojua. Kila mtu mwenye kiwanja, awe Mikinduri au Mombasa, ajiulize yuko katika daraja gani kabla ya kutia sahihi, kwani maji ya chini ya ardhi hayasomi mkataba, nayo yaenda yaendako bila ya kujali ni nani aliyesema, "Mimi sikujua."